Laptopu ya prosesa mbili: kutoka Sony ya 2006 hadi Nachingwea

Najua blogu imelala karibu miezi miwili. Nilikuwa TP, Nachingwea, nimerudi chuo na viatu vyenye vumbi jekundu na deni la stori. Za korosho na za Namungo zitakuja. Leo naanza na historia ya laptopu yangu, maana ndiyo iliyotaka kuniaibisha.

Niliinunua mtumba kwa pesa ya bumu. Muuzaji aliisifia kwamba ina "grafiki mbili", yaani prosesa mbili za kuchora picha kwenye skrini, moja ya Intel na moja ya Nvidia. Nikaona mbili ni bora kuliko moja, nikalipa.

Wiki ya kwanza Nachingwea umeme ulikatika saa mbili usiku. Kesho yake mtathmini anakuja, na mimi naandika andalio la somo la kidato cha tatu, uchumi wa kikoloni. Betri ilikuwa asilimia 80. Naandika maneno matupu, hakuna picha wala video, lakini feni inavuma kama mashine ya kusaga. Haikufika hata saa tatu na nusu, ikazima. Nikamalizia kwa mkono, kwa tochi ya simu. Mwandiko wangu mnaujua.

Jumamosi nikaenda Ruangwa kwa rafiki yangu wa kozi aliyepangiwa huko. Akaiwasha, akatazama ni prosesa ipi inayofanya kazi, akaniuliza: "Ticha, hapa unaandika andalio au unacheza FIFA?" Kumbe Nvidia ilikuwa haipumziki kabisa. Ndipo nikaanza kutafuta hizi mbili zilitoka wapi.

Chanzo chake ni betri. Prosesa ya picha yenye nguvu inakula umeme sana na inatoa joto. Ile ndogo inakula kidogo lakini gemu kubwa haiwezi. Mwaka 2006 Sony wakatoa VAIO SZ yenye zote mbili, ya Intel na GeForce Go 7400 ya Nvidia, na juu ya kibodi wakaweka swichi ya kusukuma kwa kidole. Upande mmoja iliandikwa Stamina, upande wa pili Speed. Ukihama upande lazima uizime laptopu uiwashe upya. Usumbufu, sawa, lakini ulijua uko upande gani. Apple nao mwaka 2008 wakaweka mbili kwenye MacBook Pro, yao ikikutaka utoke kwenye akaunti yako kisha uingie tena.

Februari 2010 Nvidia wakaleta Optimus, na swichi ya kidole ikaanza kuonekana ya kizamani. Skrini ya laptopu inaunganishwa na Intel peke yake. Kazi nzito ikija, Nvidia inaamshwa, inachora, kisha picha inanakiliwa kwenye kumbukumbu ambayo Intel inaisoma na kuionyesha. Kazi ikiisha, Nvidia inakatiwa umeme kabisa. Nani anaamua kazi ipi ni nzito? Draiva, kwa orodha yake ya programu. Kwa kweli ni ufundi mzuri. Ila draiva ikiamua vibaya, au mtu akiipa amri mbaya, hakuna swichi ya kukuonyesha. Unaona betri inaisha tu.

Watumiaji wa Linux ndio waliosota zaidi, maana Optimus haikuwajali. Mwaka 2011 wakajitengenezea mradi wa Bumblebee. Mwaka huohuo nafasi moja ya ziada kwenye amri ya kufuta, nafasi tupu jamani, ikawafutia watu folda nzima ya /usr, ambamo programu nyingi za mfumo zinakaa. Juni 2012, pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, dada mmoja mwenye laptopu ya namna hii alimuuliza Linus Torvalds kuhusu jambo hilo. Torvalds akasema Nvidia ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akageukia kamera na kunyoosha kidole cha kati. Msaada wa Nvidia ulianza kuja 2013, na mwaka 2019 draiva yao ikaweza kuipa Nvidia programu moja moja na kuiachia Intel zilizobaki.

Kwa sisi wa Windows, mwaka 2018 Windows 10 iliongezewa sehemu ya grafiki kwenye mipangilio ya skrini. Unachagua programu, unaiambia itunze umeme au itumie nguvu zote. Kwangu tatizo lilikuwa juu zaidi: aliyekuwa nayo kabla yangu, bila shaka mcheza gemu, alikuwa ameagiza kwenye programu ya Nvidia kwamba kila kitu kipitie Nvidia. Rafiki yangu akarudisha uamuzi kwa draiva, kisha akaifunga programu ya kuandikia na kivinjari kwenye Intel. Dakika tano. Umeme ulipokatika tena nilikaa karibu saa tatu.

Andalio lenyewe lilihusu mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake. Mpango ule ulileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Nilipofika hapo darasani nilicheka peke yangu, wanafunzi wakashangaa.

Angalizo kwa mnaokwenda TP mwakani: kwenye laptopu nyingi za aina hii tundu la HDMI limeunganishwa na Nvidia. Ukichomeka projekta inaamka, hata kama umeifungia kila programu. Chajini kwanza.

Rafiki yangu wa Ruangwa laptopu yake ina prosesa moja tu, ya Intel. Bado ananicheka.