Malisho ya Ng'ombe Katikati ya Roma

Msafiri wa karne ya 18 aliyeteremka kilima cha Capitolino kwa shauku ya kuiona Forum, baraza adhimu ambako Cicero alihutubu na majemadari wakapita na mateka wao, alikuta malisho. Wenyeji walipaita Campo Vaccino, kwani ndipo palipokuwa na soko la ng'ombe, nao wanyama walinyweshwa katika birika kubwa la mawe ya matale lililosalia tangu enzi za kale. Mafuriko ya mto Tiber na vifusi vya nyumba zilizobomolewa vilikuwa vimelijaza bonde kwa karne nyingi, hata nguzo tatu za hekalu la Vespasianus zikawa zimezikwa karibu na vichwa vyake, na tao la Septimius Severus, la mwaka 203, likazama nusu. Marumaru nyingi ziliishia katika matanuri ya chokaa.

Hapo ndipo mchoraji Giovanni Paolo Panini, mzaliwa wa Piacenza aliyehamia Roma mwaka 1711, alipopata riziki na sifa. Wateja wake, wengi wao vijana wa kitajiri kutoka Uingereza na Ufaransa waliosafiri ili kuikamilisha elimu yao, walitamani kurejea makwao na Roma nzima katika turubai moja. Naye akawaridhisha kwa kuyakusanya magofu yaliyo mbalimbali, Pantheon akaiweka jirani na Colosseum. Mpangilio huo ni wa kubuni, lakini vichaka vilivyoota juu ya matao hakuvibuni. Alikuwa akivipita njiani.

Ama mchora chapa Giovanni Battista Piranesi, mwana wa mwashi, aliyefika mwaka 1740 kutoka upande wa Venezia, yeye alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano, kisha akaiachia tindikali iile ile mistari, tena na tena pale alipotaka kiza kizito. Alitoa mandhari zaidi ya 130 za Roma kabla ya kufariki mwaka 1778. Ni kweli kwamba aliyakuza majengo kupita kimo chake; hata hivyo mimi namtanguliza mbele ya Panini, kwa sababu katika chapa zake mzizi si pambo la ukuta bali ni hasimu wake, unaoupasua mbele ya macho yetu.

Mwaka 1803 mwanaakiolojia Carlo Fea alianza kulifukua tao la Severus. Mwaka 1818 birika likahamishiwa kilima cha Quirinale. Na mwaka 1871 mimea ya Colosseum, ambayo mtaalamu wa mimea Richard Deakin alikuwa amehesabu aina zake 420, iling'olewa. Elimu ilipata faida isiyo shaka, lakini Roma ile ya nyasi na mawe imebaki katika michoro peke yake. Nawe msomaji, ukijaaliwa kufika huko, zitazame kwanza chapa za Piranesi, ndipo uteremke Forum.