Mwalimu wa Praimari Alijaziwa Darasa, Halafu Akaitwa Mvivu

Wasee, hii stori ya "walimu wa praimari ni wavivu, wanajua kugoma tu" tumeirithi, na ina tarehe zake.

Kuna wakati mwalimu alikuwa mtu mkubwa kijijini. Ndiye aliwasomea wazee barua, ndiye aliandika za kujibu. Moi mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa mwaka 1955. Shika hapo.

Oktoba 1997, uchaguzi ukiwa karibu, KNUT chini ya Ambrose Adongo wakagoma. Serikali ya huyo huyo Moi ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa miaka mitano. Kura zikapigwa Desemba. Awamu ya kwanza ikalipwa, ya pili ikakataliwa. 1998 walimu wakarudi kwa mgomo, sasa wakionekana watu wa tamaa wasiojali watoto. Yaani anayedai deni ndiye mbaya!

Mwaka huo huo serikali ikasimamisha kuongeza walimu. Mmoja akistaafu au akifa, nafasi yake inajazwa, basi.

Halafu Januari 2003 Kibaki akafanya shule ya msingi iwe bure. Hiyo sera naiunga mkono mia kwa mia. Wanafunzi wakatoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, miaka 84, akaketi darasa la kwanza kule Eldoret, na dunia nzima ikatusifu. Na walimu je? Wale wale. Mitaa kama Kibera, kuna madarasa yalipita watoto 100.

Tuchukue darasa la watoto 80 tu. Masomo matano kwa siku, dakika moja kwa kila daftari. Hizo ni dakika 400, karibu saa saba za kusahihisha pekee. Bado hajafundisha, hajaandaa somo la kesho, hajatenganisha wanaopigana.

Wazazi wenye uwezo wakahamisha watoto wao akademi, wakisema walimu wa serikali hawafunzi. Mwenye darasa la 100 akalinganishwa na mwenye 30, KCPE ni ile ile. Kinachoniuma zaidi: baadhi ya hao walimu wa akademi waliosifiwa walikuwa wamehitimu chuo, wakangoja TSC iwaite miaka na miaka, kwa sababu ya ule mlango uliofungwa 1998.