Kilio cha Chevrolet ya Mwaka 1959

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya gari moja lililovunjwa kwa makusudi, na watu waliolilia kama msiba.

Mwaka 2009, katika kituo cha majaribio huko Ruckersville, jimbo la Virginia, Marekani, Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 iligonganishwa uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Kila moja ilikwenda kasi ya kilomita 64 kwa saa, na zikakutana kwa upande wa dereva. Wenye jaribio walikuwa taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na makampuni ya bima, iliyoanzishwa mwaka 1959. Walikuwa wanatimiza miaka 50, wakataka kuonyesha hatua iliyopigwa.

Ndani ya magari hayo mliwekwa sanamu za watu. Katika Bel Air, chumba cha dereva kilikunjamana, usukani na dashibodi vikamfuata dereva kitini. Watafiti walisema angekuwa mtu, angekufa. Dereva wa Malibu huenda angeumia mguu kidogo tu.

Filamu ya jaribio hilo iliwachoma sana wapenzi wa magari ya kale. Walihoji kwa nini kiharibiwe kitu ambacho hakitatengenezwa tena. Wengine walidai injini ilikuwa imeondolewa. Wengine waliona vumbi la kahawia likitimka, wakasema gari lilikwisha kuliwa na kutu. Wengine walisema lilichaguliwa kwa hila, kwa kuwa fremu yake yenye umbo la herufi X haina mhimili pembeni. Taasisi ilijibu kuwa injini ya silinda sita ilikuwamo, na kwamba kutu haikuwa imelidhoofisha.

Mimi siwacheki watu hao. Anayetafuta bampa moja mwaka mzima, akalisugua gari usiku baada ya kazi, anatunza historia kwa mikono yake. Lakini Bel Air haikuwa gari adimu. Zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu. Basi kilichouma ni nini hasa?

Naona kilichovunjika siku ile ni imani. Ni imani ile ile ninayoisikia kila mara katika kazi yangu ya redio, kwa madereva na mafundi: "Magari ya zamani yalikuwa chuma, haya ya leo ni mabati."

Sasa tuirudie historia. Mwaka huo huo wa 1959, mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa usalama unaoshika bega na kiuno. Mwaka huo huo Mercedes-Benz ilitoa gari lililojengwa kwa wazo la Béla Barényi: sehemu ya mbele na ya nyuma zikunjike, chumba cha abiria kibaki imara. Gari linapokunjika mbele, linameza nguvu ya kishindo. Lisipoimeza, nguvu hiyo inamalizikia kwa binadamu. Kwa hiyo elimu ilikwisha kuwapo. Kilichokosekana ni msukumo. Mwaka 1965 Ralph Nader aliwashambulia watengenezaji wa magari katika kitabu chake, na mwaka 1966 Marekani ikatunga sheria ya usalama wa magari.

Hebu tupime jambo jingine. Mwaka 2017 shirika la kupima usalama wa magari la Australia na New Zealand liligonganisha Toyota Corolla ya mwaka 1998 na ile ya mwaka 2015, kwa kasi ile ile ya kilomita 64 kwa saa. Ya zamani ilipata alama 0.40 kati ya 16. Mpya ilipata 12.93. Sikusikia aliyeomboleza Corolla ile. Lakini ni gari ambalo wengi wetu tumepanda, na wengine tunalipanda hadi leo.

Maoni yangu ni haya. Gari lililobaki machache duniani lisivunjwe, kwani ukweli huo huo unaweza kupatikana kwa lililo jingi. Litunzwe, lioshwe, liandamane siku ya maonyesho, na wajukuu walione. Lakini kulitunza gari ni jambo moja, na kumpakia mtoto ndani yake kila asubuhi bila mkanda, kwa kuwa tumeambiwa ni chuma, ni jambo jingine kabisa.

Bel Air moja ilikufa Virginia, na ndani yake hapakuwa na mtu. Barabarani hatugongani tukiwa sanamu. Safari ijayo, kabla hujausifu ugumu wa boneti, utafute kwanza mkanda, uufunge.