Saa za Kimya katika Kazi ya Nyumbani: Tchomia na Mwambao wa Ziwa Albert

Historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kutoka mahali palipokuwa na kengele. Bandari ya Mombasa, reli ya Uganda, mashamba ya mkonge ya Tanga, migodi ya Katanga na ya Kilo: kote huko kulikuwa na msimamizi, daftari na saa ya ukutani, na kwa hiyo kulibaki maandishi ambayo mwanahistoria aliweza kuyasoma baadaye. Kazi iliyofanyika nyumbani haikuacha maandishi ya namna hiyo. Mapumziko ya mtu aliyefanya kazi nyumbani hayakuandikwa kabisa, isipokuwa pale mgeni alipopita kijijini saa sita za mchana, akamkuta mtu amejinyoosha kivulini, akaandika kwamba watu wa nchi ile ni wavivu. Makala haya yanadai kwamba saa ile ya kimya ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe, kwamba ilikuwa na mwenyewe, na kwamba katika vijiji vya wavuvi kama Tchomia swali la nani awe mwenye saa hiyo limegombaniwa kwa muda wa miaka mia moja na zaidi.

Tchomia iko ufukweni mwa Ziwa Albert, upande wa magharibi, katika eneo la Djugu, mkoani Ituri. Ni makao ya utawala wa jadi wa Bahema-Banywagi. Msafiri atokaye Bunia, mji uliojengwa uwandani kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,200, hupita Bogoro, akateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kasenyi, kisha akafuata ufuko. Ziwa liko kwenye kimo cha meta 600 na ushei tu, na tofauti hiyo huonekana katika joto. Bunia mtu anaweza kutembea adhuhuri bila taabu kubwa. Ufukweni jua la utosi humfukuza kila kiumbe mchangani.

Mpango wa siku, hata hivyo, hauamuliwi na joto peke yake. Nyavu za kutega hutupwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Mitumbwi ikifika, ufuko huchangamka kwa saa chache: samaki huhesabiwa, hupigwa bei, hugawanywa, na wale wasiouzwa wabichi hubebwa hadi majumbani. Hapo kazi hubadilisha mahali na, aghalabu, hubadilisha mikono. Samaki hupasuliwa, hutolewa matumbo, huoshwa. Wengine hutiwa chumvi, wengine hupangwa juu ya uchaga na moto mdogo huwashwa chini yao. Kufikia adhuhuri sehemu kubwa ya jasho imekwisha kumwagika. Kilichobaki ni moshi, na moshi hauharakishwi. Moto ukizidi, samaki huiva nje na kuoza ndani. Ukizimika, nzi huwahi kabla ya mwenye mali. Kwa hiyo mtu hukaa. Hana la kufanya kwa mikono, wala hana ruhusa ya kuondoka. Wavuvi nao, ambao walikesha majini, hulala. Wakiamka huzitandaza nyavu uani, wakashona matundu taratibu huku wakizungumza, mpaka jua lipoe.

Kwa wavuvi wa taa, ambao huwavuta dagaa kwa mwanga usiku, kuna na kimya cha mwezi. Mbalamwezi ikijaa, taa hupoteza nguvu yake, na siku kadhaa za mwezi hupita bila safari za maana. Basi siku ina kimya chake na mwezi una kimya chake, na vyote viwili vimewekwa na samaki. Inafaa kukumbuka pia kwamba mpaka wa Kongo na Uganda, unaopita katikati ya ziwa, ni mpaka wa majira: saa ya ofisi ya Hoima iko mbele ya saa ya ofisi ya Bunia kwa saa moja kamili. Mvuvi wa Tchomia na mwenzake wa ng'ambo huinua nyavu kwa alfajiri ile ile, lakini makarani wao wataandika saa mbili tofauti.

Lugha yenyewe ina ushahidi wa kutoa. Neno pumzika lina udugu na pumzi na pumua: anayepumzika anaachiwa pumzi zake zirudi. Nafasi, neno lililotoka katika Kiarabu, nalo lina asili ya pumzi, ingawa leo humaanisha mahali na wakati kwa pamoja. Faragha asili yake ni utupu. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linaloyaeleza mapumziko kuwa ni kinyume cha kazi. Yanaeleza upenyo uliomo ndani ya jambo jingine. Kinyume halisi cha kazi kimewekwa katika maneno kama uvivu na ulegevu, ambayo ni maneno ya kumhukumu mtu, na katika usemi kukaa bure, ambao huenda ukawa wa kulaumu au wa kuhurumia kutegemea msemaji. Neno kazi lilipata mzigo mpya katika Kongo ya Wabelgiji. Johannes Fabian, katika uchunguzi wake wa mwaka 1973 kuhusu wafuasi wa Jamaa huko Shaba, alionyesha jinsi wafanyakazi wasemao Kiswahili walivyolipanua neno hilo kupita ajira na mshahara. Uchunguzi wa namna hiyo ungefaa pia kwa neno pumzika, kwa sababu palipo na ajira mapumziko hugeuka kuwa kitu cha kupewa na mwenye mamlaka. Kiswahili cha Kongo kilipohitaji jina la mapumziko ya kupewa, kililichukua kutoka katika Kifaransa, congé. Mlinzi wa moto wa samaki haombi congé.

Ushahidi wa kale zaidi wa kazi ya aina hii kandokando ya ziwa hautoki Tchomia, unatoka Kibiro, kijiji cha ng'ambo, upande wa kaskazini mashariki, katika nchi ya Bunyoro. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na kitabu chake kikatoka mwaka 1996. Alionyesha kwamba watu wa Kibiro wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa karne nyingi, na kwamba kazi hiyo ni ya wanawake, ambao wana bustani zao za chumvi na huzirithisha. Udongo mkavu hutandazwa juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua hukausha, chumvi hupanda na kuingia katika udongo uliotandazwa, na udongo huo hukwanguliwa na kutandazwa tena mara kadhaa. Baadaye huchujwa kwa maji, na maji yale huchemshwa mpaka chumvi ibaki. Ardhi ya Kibiro haifai kwa kilimo, hivyo chumvi ndiyo iliyonunua chakula. Katika kazi hii jua ni kibarua mkuu. Mwanamke hutandaza, kisha hungoja. Mvua kubwa ikinyesha, hakuna chumvi. Mtu aliyezoea kiwanda angeyaona mangojeo hayo kuwa ni saa zilizopotea. Lakini bila mangojeo hayo hapana chumvi.

Kule juu ya ukingo, mambo yalikwenda kwa hesabu nyingine. Dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kilo mwaka 1903, na uchimbaji ulianza mwaka 1905. Migodi ilihitaji wachimbaji, wapagazi, wajenzi wa barabara na, juu ya yote, chakula. Machifu walidaiwa watu. Samaki wa ziwa, wakiwa wakavu au wa chumvi, walipandishwa kwenda kuwalisha wafanyakazi, na kwa njia hiyo moto mdogo wa uani uliingia katika uchumi wa dhahabu bila ya mwenye moto kuingia katika orodha ya wafanyakazi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kazi yake ilihesabiwa kama bidhaa. Muda wake haukuhesabiwa kabisa. Na muda usiohesabiwa, machoni pa serikali, ni muda ulio wazi.

Ndivyo ilivyotendeka. Sheria ya 20 Februari 1917 ilianzisha kilimo cha lazima katika Kongo ya Wabelgiji, na kiwango kilichokuja kuzoeleka kilikuwa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zilifanywa 120. Hoja iliyotolewa mara kwa mara na watetezi wa siasa hiyo ilikuwa kwamba Mwafrika ana wakati mwingi asioutumia na kwamba kulazimishwa ni kufundishwa. Msomaji wa leo ataona mara moja ukatili uliomo. Kosa la kihesabu lililo chini yake halionekani upesi hivyo. Serikali ilichukua mapengo yaliyo kati ya tendo na tendo, ikayajumlisha, ikapata siku nzima nzima za uvivu. Lakini pengo la adhuhuri ya leo na pengo la adhuhuri ya kesho haviwezi kushonwa pamoja vikawa siku ya bure. Kila moja limeshikwa na moto wake, au wavu wake, au usingizi wa mtu aliyekesha. Aliyetolewa nyumbani siku 60 hakupunguziwa uvivu. Alipunguziwa samaki, au mzigo wake ulihamishiwa kwa aliyebaki, na aliyebaki mara nyingi alikuwa mwanamke.

E. P. Thompson, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu wakati na nidhamu ya kazi, alitofautisha kazi inayopimwa kwa saa na kazi inayofuata jambo lenyewe lililopo, na alieleza kwamba palipokuwa na watu wanaotawala kazi zao wenyewe, juhudi kubwa ilipokezana na utulivu. Maelezo hayo yanaifaa Tchomia, ila yana upungufu mmoja ambao Thompson mwenyewe aliugusa tu alipotaja kazi za mama wa nyumbani. Kupokezana huko hakuwi sawa kwa wote walio katika ua mmoja. Mapumziko ya mvuvi yanaonekana: amelala, watoto wanakatazwa kupiga kelele. Mapumziko ya mwanamke yamechanganyika na vitu vingine kiasi kwamba mtazamaji hawezi kuyachambua. Anasukwa nywele na jirani huku jicho moja liko kwenye uchaga. Je, huko ni kupumzika? Wote wawili watasema ndiyo. Hata hivyo moshi ukibadilika rangi atainuka na nywele zikiwa nusu. Wakati huo huo sufuria ya mchana iko jikoni na mtoto anataka kunyonya. Kusema kweli, usemi wenyewe saa za kimya unamwelea mvuvi zaidi kuliko mke wake, na utafiti wowote utakaotegemea usemi huo bila kuuliza kimya cha nani utarudia kosa la yule mgeni wa adhuhuri kwa adabu zaidi.

Sheria za kimataifa hazikulijaza pengo hili. Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2000, unahusu kazi ya nyumbani, lakini unamlenga anayefanya kazi kwa malipo ili kutoa kitu kilichoagizwa na mwajiri. Anayenunua samaki kwa fedha zake, akawakausha kwenye ua wake, akawauza Bunia kwa hasara au faida yake mwenyewe, yuko nje ya ufafanuzi huo.

Kilichokuja kuivunja saa ya kimya kwa ukali zaidi kuliko sheria yoyote kilikuwa vita. Mapigano ya Ituri yalianza mwaka 1999. Mwaka 2003 Bogoro, iliyoko katika barabara ya kwenda ziwani, ilishambuliwa tarehe 24 Februari, na Tchomia yenyewe ikashambuliwa tarehe 31 Mei. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, na wengi wakavuka maji kwenda Uganda. Machafuko yalipozuka tena Djugu kuanzia Desemba 2017, makumi ya maelfu walivuka ziwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2018 na kupokewa upande wa Hoima, na wengi wakapelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Katika makazi hayo mtu wa ufukweni alipata muda mwingi kuliko alivyowahi kuwa nao, lakini ziwa, uchaga na wavu vilikuwa mbali. Hapo ndipo kukaa bure kunapotengana kabisa na kupumzika. Waliobaki, au waliorudi mapema, walikuwa na taabu ya namna nyingine. Adhuhuri tulivu huwa na sauti zake za kawaida, na mtu aliyeona kijiji kikishambuliwa huzisikiliza kwa namna tofauti. Usingizi wa mchana unahitaji kuamini kwamba mtu ataamshwa na mtoto au na jua.

Mwezi Septemba wa mwaka 2018 Ebola ilithibitishwa Tchomia, katika mlipuko uliokuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti mwaka huo na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliokuwa karibu na mgonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, wakitembelewa kila siku na watumishi wa afya waliopima joto la mwili na kuuliza maswali. Ulinzi huo uliokoa maisha, na haulinganishwi na kilimo cha lazima kwa nia wala kwa matokeo. Hata hivyo ulifanana nacho kwa jambo moja: kwa siku 21 ua ulikuwa na saa iliyowekwa na mtu wa nje. Kabla mlipuko haujaisha, tarehe 24 Machi 2020, hali ya dharura ilitangazwa nchini kwa sababu ya korona, na katika miji mikubwa watu wenye ofisi wakaanza kuzungumza juu ya kufanya kazi nyumbani na ugumu wa kujua mtu apumzike saa ngapi. Katika ua wa Tchomia swali hilo lilikuwa limejibiwa zamani sana, kwa kutazama rangi ya moshi.