Mahakama ya Jinai ya Jiji la New York

Mahakama ya Jinai ya Jiji la New York ndiyo mlango wa kwanza wa kesi za jinai katika wilaya tano za jiji hilo la Marekani. Ilianza kazi Septemba 1962, ikarithi Mahakama za Mahakimu wa Jiji na Mahakama ya Vikao Maalumu. Mahakimu wake huteuliwa na meya kwa kipindi cha miaka 10.

Mamlaka

Makosa madogo husikilizwa hapa hadi hukumu. Kifungo cha juu kabisa ni siku 364. Kabla ya 2019 kilikuwa mwaka mzima, na lengo la kupunguza siku ile moja lilikuwa kuwaokoa wahamiaji wasifukuzwe nchini. Kwa makosa makubwa, mahakama humsomea mshtakiwa mashtaka na kuamua dhamana. Akibaki mahabusu, waendesha mashtaka wana saa 120, au 144 wikiendi au sikukuu ikiingia kati, kupata hati ya mashtaka ya baraza kuu la wazee wa mahakama au kuanza usikilizaji wa awali. La sivyo huachiwa, isipokuwa kuna sababu ya msingi. Hati ikitoka, kesi hupanda Mahakama Kuu ya jimbo.

Hakimu hutoa pia hati za upekuzi na za kukamata, pamoja na amri za kumlinda mlalamikaji.

Haki ya wazee wa mahakama

Mahakama hii ilipingwa kuhusu haki ya mshtakiwa kuhukumiwa na wazee wa mahakama. Kwa miaka mingi mshtakiwa jijini aliweza kufungwa mwaka mzima kwa uamuzi wa mahakimu peke yao, ilhali kwingineko jimboni mshtakiwa wa kosa lilelile alipata baraza la wazee sita. Ubaguzi huo wa wazi ulikomeshwa 1970, katika kesi ya Baldwin dhidi ya New York: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kosa lolote lenye kifungo cha zaidi ya miezi sita linastahili baraza.

Pengo halikuzibika lote. Waendesha mashtaka waliweza kushusha shtaka hadi kosa dogo la daraja B, lenye kifungo kisichozidi miezi mitatu, na kesi ikaamuliwa na hakimu mmoja. Mwaka 2018, katika kesi ya Suazo, Mahakama ya Rufaa ya New York ilitamka kwamba asiye raia akikabiliwa na kosa linaloweza kumfukuzisha nchini ana haki ya baraza, hata kifungo kiwe kifupi namna gani. Ulikuwa uamuzi wa haki, uliochelewa.

Dhamana

Tangu Januari 2020 dhamana ya fedha haitozwi kwa makosa madogo mengi. Sheria iliyoleta mabadiliko hayo imerekebishwa mara kadhaa.

Rufaa

Rufaa kutoka mahakama hii hupelekwa kitengo cha rufaa cha Mahakama Kuu.