Kugawa Diski na Kugawa Kibanja: Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Neno liingiapo katika lugha pamoja na chombo kigeni, huja na picha yake. Picha hiyo ikilingana na kazi ya chombo, mtumiaji husaidiwa, isipolingana, hupotoshwa. Jambo hili laonekana wazi katika kazi ya kugawa diski kuu ya kompyuta ili mifumo endeshi miwili au zaidi ikae humo, kama vile Linux kando ya Windows. Katika kazi hiyo kosa moja laweza kupoteza kazi ya miaka mingi, kama alama za wanafunzi wa shule nzima au hesabu za kahawa za chama cha msingi. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza ni neno gani la Kiswahili limwongoze mtu wakati mashine inapomtaka aamue diski igawanywe vipi.

Asili ya mgawanyo huu ni ya hivi karibuni. Mnamo Machi 1983 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iitwayo XT, yenye diski kuu ya megabaiti 10, pamoja na toleo la pili la mfumo endeshi DOS. Ilikubaliwa kwamba diski moja iweze kubeba mifumo mbalimbali, kila mmoja katika eneo lake, na mipaka ya maeneo hayo iandikwe mwanzoni mwa diski. Katika muundo uliozoeleka tangu wakati huo, baiti 512 za kwanza zina kazi maalumu: 446 ni za maagizo ya kuamshia mashine, 64 ni za jedwali la mgawanyo, na 2 za mwisho ni alama ya uhalali. Jedwali lina mistari minne ya baiti 16 kila mmoja, na kila mstari husema eneo laanzia wapi na lina ukubwa gani. Ndiyo sababu diski ya namna hiyo haikuweza kuwa na maeneo makuu zaidi ya manne.

Linux ilizaliwa miaka minane baadaye, nayo ilizaliwa katika diski iliyogawanywa. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991. Wakati huo alikuwa akitumia Minix, mfumo uliotungwa na Andrew Tanenbaum kwa ajili ya kufundishia. Siku moja alitaka kuiamuru modemu yake ipige simu. Kwa bahati mbaya maagizo yale yakaandikwa juu ya eneo la diski lililokuwa na Minix, na eneo hilo likaharibika. Badala ya kuirudisha Minix, aliamua kuifanya Linux ijitegemee. Basi hata aliyeianzisha Linux hakusalimika na hatari hii.

Nchini Tanzania mambo haya yalichelewa kufika. Amri ya mwaka 1974 ilizuia uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lililegezwa baadaye hatua kwa hatua. Mashine zilipoenea, zilikuja na diski zilizokwisha kugawanywa na mfumo uliokwisha kuwekwa, na maneno yote yakiwa ya Kiingereza. Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 katika mradi wa Kilinux, ambao kwanza ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu. Jina hilo halihitaji mkalimani kwa Mhaya asemaye obuntu, wala kwa Mswahili asemaye utu.

Miongoni mwa maneno yaliyokubalika katika fani hii ni kusakinisha, yaani kuweka programu katika mashine. Shina lake ni sakini, kukaa mahali, na ndugu yake ni maskani. Kwa hiyo kusakinisha ni kumpa mtu makao. Waliolichagua neno hili walikwisha kuingia katika picha ya ardhi na makazi. Lakini kwa lile eneo linalopokea mfumo, baadhi ya tafsiri za programu zimetumia neno kizigeu, yaani kile kitenganishacho. Hapo picha hubadilika ghafula: mfumo unapewa makao, lakini makao yenyewe yanaitwa kwa jina la ukuta.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Asikiaye habari za ukuta hudhani kwamba ukiondolewa, vyumba viwili vitakuwa kimoja na vyombo vyote vitabaki mahali pake. Ndani ya diski hakuna ukuta. Kuna jedwali tu, na mfumo huliamini.

Mfano ulio karibu zaidi na ukweli wapatikana katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Huko familia hukaa katika kibanja, shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba. Kibanja kigawanywapo kwa warithi, wazee wa ukoo na majirani hushuhudia, na mipaka huoneshwa kwa mimea kama mlamula, ambayo hudumu hata aliyeipanda akiisha kufariki. Kazi tatu hutofautishwa vizuri: kugawa ardhi, kuilima upya, na kumkalisha mtu. Katika diski pia kazi ni tatu: kuandika mpaka katika jedwali, kufomati, na kusakinisha. Afutaye mstari wa jedwali hajang'oa migomba. Amepoteza ushahidi wa mpaka tu. Programu kama TestDisk yaweza kulitafuta eneo lililopotea kwa alama zilizosalia, kama mzee atafutaye mpaka wa zamani. Lakini mfumo mpya ukiisha kukalishwa juu ya eneo lilelile, mazao ya zamani hufukiwa, na mara nyingi hayarudi.

Mfano huu hueleza mambo mengine pia. Kwa miaka mingi mafundi walishauri Windows isakinishwe kwanza na Linux baadaye, kwa kuwa Windows ikija nyuma huandika maagizo yake ya kuamshia mashine juu ya yale ya mwenzake, na mlango wa jirani hufungika ingawa nyumba yake ipo. Tena, Windows kwa kawaida haiyasomi maeneo ya Linux. Kwa hiyo watu wengi hutenga eneo la tatu katika muundo wa FAT, ambao mifumo yote miwili huusoma. Hilo ni kama rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, ambako wanakijiji hulisha pamoja.

Hata hivyo, mfano una kikomo chake. Mlamula huota ardhini mbele ya macho ya majirani, ilhali mpaka wa diski hauonekani popote ila katika jedwali. Jedwali la zamani, ambalo pia halikuweza kufika mbali zaidi ya terabaiti 2 hivi, lilikuwa shahidi wa pekee. Jedwali jipya liitwalo GPT kwa kawaida lina nafasi 128, na nakala yake huhifadhiwa mwishoni mwa diski. Ndipo diski ilipopata shahidi wa pili, jambo ambalo wagawaji wa vibanja hawakuhitaji kufundishwa.

Kiswahili tayari kina neno lifaalo kwa eneo hilo, nalo ni kiwanja. Lina asili moja na kibanja cha Kihaya, na hulingana na kusakinisha kwa maana. Mtu akiulizwa na mashine, "Kiwanja hiki kina mali; je, kilimwe upya?", ataelewa kwamba anaulizwa habari za mali yake na si za ukuta, naye atasita kabla ya kujibu.