Mlango Mbovu na Hazina Nzima

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Msomaji, usemi huo ulikuwa kweli katika zama za wino na karatasi, nao ni kweli vilevile katika zama za kompyuta. Lakini daftari lisilofunguka si lazima liwe daftari lililopotea.

Itazame mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo Eastlands. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati ilianzishwa zama za ukoloni, iwe makazi ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya serikali yaliuzingira mji katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Nyumba zilipekuliwa, na maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini Langata, Manyani na Mackinnon Road. Habari za miaka ile ziliandikwa katika majalada. Kabla ya uhuru wa 1963 baadhi yalichomwa moto. Mengine yalisafirishwa Uingereza kwa siri. Mwaka 2011, wazee walioteswa vizuizini walipokuwa wakidai haki mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada ya Kenya yapatayo 1,500 yalikuwa yamewekwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya wadai 5,228. Ona tofauti yake: yaliyochomwa yalinyamaza milele; yaliyofungiwa yalipata siku ya kusema.

Sasa uitazame kompyuta kwa jicho hilohilo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza yenye diski za kumbukumbu. Diski zake zilikuwa 50, uzito wake ulikaribia tani moja, nazo zilichukua herufi milioni tano tu. Leo diski inayoenea kiganjani hubeba maelfu ya mara zaidi. Katika mitaa ileile ya Eastlands, hesabu za chama cha akina mama, picha za marehemu na barua za shule hulala ndani yake. Siku kompyuta inapokataa kuwaka, wenyewe hulia kana kwamba wamefiwa.

Wasilie mapema. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyomo katika ubao wake huamka kwanza, ikavikagua viungo, kisha ikautafuta mfumo endeshi katika diski. Mfumo huo ukiharibika, mashine husimama mlangoni isiingie ndani. Mlango umeharibika, hazina huenda ni nzima. Fundi mwenye busara huiwasha mashine kwa mfumo mwingine uliomo katika flashi, au huitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nzima. Kwanza hunakili, baadaye ndipo hutengeneza. Fundi mwenye pupa huandika mfumo mpya juu ya diski ileile, na maandishi mapya huyafuta ya zamani. Huyo ndiye mchoma majalada wa siku zetu.

Diski ya kuzunguka ikitoa mlio wa kugonga, izime upesi, maana kichwa cha kusomea chaweza kuikwaruza, na kila dakika ya kuiwasha huongeza jeraha. Na diski iliyofungwa kwa maandishi ya siri haitasomeka kwa ufundi wowote ikiwa ufunguo wake umepotea.

Kwa hiyo, msomaji, weka nakala mbili, moja nyumbani na moja mbali, wala usingoje msiba ukufunze. Na siku mlango utakapokataa kufunguka, usiuvunje kwa hasira. Wazee wetu walingoja karibu miaka hamsini majalada yaonekane. Wewe waombwa subira ya siku moja tu, mpaka nakala ikamilike.